Kadi ya Onyesho la Hisani: Jinsi ya Kwenda, Kusikiliza na Kuchangia

Dada mwimbaji alikuwa amefika pale kwenye wimbo anapomuaga mama yake. Kinanda kimeshushwa mpaka unakisikia kwa kutega sikio, ukumbi mzima kimya. Ndipo shangazi yangu wa Tukuyu alipoinuka mstari wa nne, akapanda jukwaani akicheza taratibu kwa mabega, akambandika mwimbaji noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Noti ikadondoka. Dada wa watu akaendelea kulia, maana kwenye mchezo ule alitakiwa kulia, na shangazi akadhani ni yeye aliyemliza. Akaanza kumfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Pole mwanangu, pole, basi." Watu walicheka mpaka mpiga kinanda akaacha kupiga.

Kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya shangazi angeshangiliwa. Kwenye taarabu ndiyo kabisa, angeonekana anajua mambo. Lakini usiku ule ulikuwa wa kitu ambacho huku Nyanda za Juu Kusini bado ni kigeni: waimbaji wa tamthilia za muziki wamekuja kuimba bure ili wodi ya watoto ipate vitanda. Kadi iliandikwa "Onyesho la Hisani" na basi, hakuna aliyetuambia humo ndani kunafanyika nini. Tangu hapo nimekuwa mhazini wa kamati mbili za maonyesho ya namna hiyo, moja Mbeya na nyingine Iringa. Nimekaa mlangoni na sanduku la tiketi magotini, na nimeshika daftari la ahadi. Haya ninayoandika ni yale ningependa kila mwenye kadi awe anayajua kabla hajanifikia pale mlangoni.

Hatua ya 1: Jua unaitiwa nini

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambao watu wake wanaongea, jambo likiwazidi wanaimba, likiwazidi zaidi wanacheza. Makao yake makubwa ni mitaa ya majumba ya maonyesho, Broadway kule New York na West End ya London. Sisi tuna ndugu zake. Waliokuwa na akili zao miaka ya 90 wanavikumbuka vikundi vya sanaa vya Muungano, na TOT ya Kapteni John Komba, jinsi jioni moja ilivyobeba ngoma, kwaya, igizo na taarabu kwa kiingilio kimoja. Vijana wa kanisani wanaoigiza mateso ya Yesu Ijumaa Kuu huku kwaya ikiimba katikati nao wako jirani kabisa na jambo hili, ila tu hawajajiita hivyo.

Usiende ukitegemea mchezo mzima. Utasikia wimbo mmoja kutoka mchezo huu, mwingine kutoka ule, bila mapazia wala mavazi ya kubadilisha, pengine kinanda kimoja na waimbaji watano. Kila mara kuna mtu ananifuata wakati wa mapumziko: "Mhazini, mbona hadithi haieleweki?" Hakuna hadithi moja, mzee wangu. Kuimba wimbo mmoja mmoja kwenye tamasha ni ruhusa ya kawaida ambayo vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi, hushughulikia. Kuigiza mchezo wote na mazungumzo yake ni ruhusa nyingine, inaombwa kwa wenye mchezo wenyewe, na inalipiwa. Kamati inayotafuta hela ya vitanda haiwezi kuanzia huko.

Na wale wanaodhani kuchangisha kwa muziki ni ujanja wa kamati za siku hizi, niwakumbushe Haleluya ya Handel. Hakuna mwanakwaya wa Mbeya asiyeijua, hata kama jina la mtunzi limempita. Wimbo huo umo ndani ya Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Fedha ziligawanywa kwa hospitali mbili na kwa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 walilipiwa, wakatoka wakaenda nyumbani kwao.

Hatua ya 2: Ikague kadi kabla hujatoa hela

Kadi nzuri inajibu maswali matatu bila wewe kuuliza: nani ameandaa, fedha inakwenda wapi, na inalipwa kwa njia gani. Ikiwa imeandikwa tu "kusaidia wenye uhitaji", uliza. Wenye uhitaji gani, wa kijiji gani, watanunuliwa nini? Kamati iliyojipanga itakujibu kwa sentensi moja. Ambayo haijajipanga itakupa hotuba.

Taasisi isiyo ya kiserikali inasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002 na ina cheti. Kikundi cha mtaani kinajulikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kanisa au msikiti una ofisi yake, unakwenda unauliza. Shughuli ya sanaa yenye kiingilio inatakiwa iwe na kibali, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye mtu wa kumpigia ukiwa na wasiwasi. Najua wengi hatupigi, tunaona aibu kumkagua jirani aliyetuletea kadi nyumbani. Basi angalau fanya hili dogo: ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kadi inasema hospitali, simu inakuonyesha jina la mtu binafsi ambaye hayumo hata kwenye orodha ya kamati? Acha. Omba lipa namba ya taasisi, au nenda ukalipe mkononi upewe risiti.

Meseji ya muamala usiifute. Kadi zikipotea, na hupotea, hiyo meseji ndiyo kadi yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, na mimi mwenyewe niliteleza kabla sijashika daftari. Tunadhani tukishanunua kadi tumeshachangia.

Tuseme kadi ni shilingi 20,000 na wamekuja watu 200. Hiyo ni milioni 4. Sasa toa ukumbi. Toa spika, maiki na fundi mitambo. Toa jenereta na dizeli yake, kwa sababu hakuna mhazini mwenye akili timamu anayeuamini umeme usiku mmoja kama huo. Toa nauli na malazi ya wasanii, maana wanaimba bure ila hawalali stendi. Toa kadi zilizochapwa, maji ya chupa, chai, walinzi. Kinachobaki utakitafuta kwa tochi. Kiingilio kinalipia usiku wenyewe. Kitanda kinanunuliwa na kile utakachotoa baada ya kukaa kwenye kiti.

Kwa hiyo kaa na mwenzako mezani mgawe fedha mafungu matatu: kiingilio, mchango, na nauli ya kurudi. La mchango lipangeni likiwa na kiasi kamili, kisha liwekeni kwenye bahasha au mliache kwenye simu mkijua ni la kazi hiyo. La nauli msiliguse hata MC akiwaita kwa majina. Kama uwezo wenu ni 5,000 tu juu ya kadi, ni 5,000. Nimehesabu fedha za maonyesho hayo kwa mikono yangu, na noti za elfu mbilimbili na elfu tanotano ndizo zilizokuwa nyingi kwenye ndoo.

Kama kadi ya watu wawili, ile dabo, inawabana, chukua ya mtu mmoja na peleka kilichobaki kwenye ndoo. Hakuna atakayekuuliza mwenzako yuko wapi. Sawa, watauliza, lakini utajibu.

Hatua ya 4: Vaa kwa ajili ya baridi

Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Maonyesho mengi huangukia Juni na Julai kwa sababu mvua imekatika na barabara za vijijini zinapitika. Ndiyo miezi ambayo sakafu ya saruji ya ukumbi inakupanda miguuni kama maji. Gauni la mikono mitupu linapendeza kwenye picha ya saa 12 jioni. Saa 3 usiku mwenye gauni hilo anamtazama mwenye koti la mtumba kutoka soko la Sido Mwanjelwa kwa jicho la wivu.

Soksi nene, koti, khanga mbili au mtandio mzito. Kina baba, suti inatosha ukiongeza sweta ndani. Kofia vua ukikaa, mtu wa nyuma naye amelipa. Hata kule Dublin mwaka 1742 waliombwa hivyohivyo: kina mama waje bila zile duara za kutanua magauni, kina baba waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee. Ukumbi ukijaa, vitanda vinaongezeka.

Hatua ya 5: Panga kurudi kabla ya kwenda

Kwenda ni rahisi. Bajaji za Mbeya zinakufikisha popote, ila barabara kuu kati ya Uyole na Mafiati jioni ina foleni yake, kwa hiyo ongeza nusu saa juu ya ile unayoijua.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Onyesho likianza saa 12 na nusu, pamoja na hotuba ya mgeni rasmi na mnada, mtatoka saa 4 usiku, pengine na nusu. Anayetoka Tukuyu asijidanganye kuwa atapata Noah Uyole muda huo. Hata akipata, kutoka Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi, na ukungu wa Isyonje usiku haumwogopi dereva yeyote. Lala kwa ndugu. Mpigie mapema, umpelekee mkungu wa ndizi au maparachichi, asubuhi uondoke na gari la kwanza. Wa Mbalizi, Uyole na Iwambi wapatane na bajaji moja watu watatu, wachukue namba ya dereva na kumlipa akija kuwafuata. Ukimlipa yote mbele atakuwa amelala.

Iringa hali ni nafuu kidogo kwa sababu mji umekaa pamoja juu ya kilima. Anayeshukia Igumbilo au Ipogolo akumbuke tu kwamba usiku daladala za kupanda mjini hukatika mapema, na bodaboda kwenye ule mpando, kwa baridi ya Julai, ni toba.

Halafu saa. Kadi ikisema saa 12 na nusu, sisi husoma saa 1 na nusu. Kwenye harusi unaweza. Hapa waimbaji wa jukwaani wana desturi ya kuanza kwa wakati, na ukichelewa utazuiliwa mlangoni mpaka wimbo uishe. Mzee mmoja wa heshima zake alinikasirikia sana kwa hilo. "Kijana, unanijua mimi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nakujua, subiri dakika tatu tu." Alizisubiri akiwa amenipa mgongo.

Hatua ya 6: Mlangoni

Onyesha kadi au meseji, pokea karatasi ya ratiba, nenda choo sasa hivi, kaa. Mwenye mtoto mdogo achukue kiti cha pembeni karibu na mlango. Viti vya mbele vyenye vitambaa vyeupe ni vya mgeni rasmi na watu wake. Usikae hapo ukitegemea kwamba hawatakuja, kwa sababu hufika na watu wengi kuliko waliosema.

Hatua ya 7: Sikiliza kwa namna yake

Hii ndiyo hatua niliyoiandikia mwongozo wote, kwa sababu ya shangazi.

Msanii wa bongo fleva anaimba habari zake, au anatufanya tuamini ni zake. Mwanakwaya anaimba ujumbe kwa niaba yetu sote. Huyu wa tamthilia anaimba akiwa mtu fulani, mwenye umri wake na shida yake, na anaongea na mtu mwingine ambaye wewe humwoni. Kwenye mchezo wenyewe huyo mwingine angekuwa amesimama pale. Kwenye onyesho la hisani hayupo, kwa hiyo mwimbaji anaangalia hewa. Kila wimbo ukianza jiulize: huyu ni nani, anamwambia nani, anataka nini? Ukipata majibu mawili kati ya hayo, umeshaingia ndani.

Nyimbo nyingi zitakuwa za Kiingereza. Karatasi ya ratiba ndiyo msaada wako, isome taa zikiwa bado zinawaka. Iringa tulimwomba MC aseme sentensi mbili za Kiswahili kabla ya kila wimbo: "Huyu ni binti wa kijijini, kesho anaondoka kwenda mjini, baba yake hajui." Basi. Mabibi waliokaa nyuma, ambao hawana hata neno la Kiingereza, walilia mahali pake hasa. Kama kamati ya kwenu haijafikiria hilo, washauri mapema.

Kuna aina mbili za nyimbo ambazo ukizijua utajisikia mwenyeji. Wa kwanza ni wimbo wa kutaka. Hukaa mwanzoni mwa mchezo, mhusika anasema anachokitamani maishani, na mengine yote yanatokana na hamu hiyo. Ukisikia unaanza polepole kama mtu anaongea peke yake dirishani kisha unapanda, ndio huo. Wa pili wenyewe Broadway wanauita wimbo wa saa tano usiku. Zamani maonyesho yao yalianza saa 2 na nusu usiku, kwa hiyo ule wimbo mkubwa wa karibu na mwisho, mhusika anapozinduka au anapovunjika, uliangukia saa 5. Siku hizi wanaanza mapema zaidi lakini jina limebaki. Onyesho la hisani lina ulafi fulani: kila mwimbaji anataka kuimba wimbo wake wa saa tano, zinafuatana nne, ukifika wa tano umechoka kama umetoka msibani. MC mzuri huchomeka wa kuchekesha katikati.

Wanakwaya wenzangu, mtashtuka kwa sauti zao. Pale ambapo sisi sauti ya kwanza inahamia kichwani ikawa nyembamba, wao wanapanda na sauti ya kifua ileile mpaka juu. Sikio la kwaya linasema ni kelele. Lipe nyimbo tatu. Halafu tazama midomo: kila neno linatamkwa mpaka mwisho, kwa sababu neno likipotea hadithi imepotea. Mwalimu wetu wa kwaya alirudi na hilo kanisani, na kwa mwezi mzima tulirudia "Bwana" na "mchungaji" kama watoto wa chekechea.

Makofi: piga wimbo ukiisha, na utajua umeisha kwa mikono ya mpiga kinanda. Sauti inaweza kunyamaza katikati huku mikono bado iko juu ya kinanda. Subiri aiinue. Hapo makofi, vigelegele, simama ukitaka, hakuna atakayekuona mshamba. Wasanii wenyewe waliniambia vigelegele vya kina mama wa Mbeya wangevibeba wakaondoka navyo.

Simu zima, au zima mlio na mwanga. Kurekodi wimbo mzima kunagusa hakimiliki, na pia mkono wako umeniziba. Piga picha wakati wa kuinama mwishoni.

Na kutunza, yaani kumpandia mwimbaji jukwaani na noti? Hutunzi katikati ya wimbo. Kamati zenye busara huweka muda wa kutunza baada ya wimbo wa mwisho, waimbaji wakiwa wamesimama mstari, na fedha yote inaingia kwenye kapu la wodi. Shangazi siku hizi anakaa ubavuni kwangu, noti ameikunja kiganjani, na kila wimbo ukiisha ananigusa kwa kiwiko. "Sasa?" "Bado, shangazi." Zamu yake ikifika anacheza kwa mabega mpaka jukwaani, taratibu, bila haraka ya mtu aliyesubiri saa mbili na nusu.

Hatua ya 8: Mapumziko

Ni kama dakika 15. Chai ya tangawizi, sambusa, choo. Wasalimie watu. Usiondoke ukidhani yameisha, mnada bado.

Hatua ya 9: Mnada, ndoo na ahadi

MC anabadilika hapa. Yule aliyekuwa anaongea kwa upole anavua koti, anakunja mikono ya shati, na kitu cha kwanza kinachopanda jukwaani ni mkungu wa ndizi.

Mgeni asiyejua anashangaa mkungu kununuliwa kwa shilingi 150,000. Mwenyeji anajua kwamba mnunuzi atasema "naurudisha", na mkungu utauzwa tena. Mbeya niliuona mmoja ukizunguka mara nne. Baba wa kwanza aliurudisha, mama wa pili akaurudisha, wa tatu akaurudisha akaongeza debe la mchele wa Kyela juu yake. MC akawa anamwita "Malafyale!", yaani chifu kwa Kinyakyusa, na ukumbi unaitikia. Mwisho kijana wa bajaji aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri abiria wake akapaza sauti: "Elfu ishirini, na mimi sirudishi, naenda kuzila." Alipigiwa makofi kuliko mgeni rasmi.

Wageni wetu waimbaji waliuelewa mnada ule upesi kuliko tulivyotegemea, kwa sababu kwao upo. Mwaka 1992 jumuiya mbili za watu wa jukwaani Marekani ziliungana kuwa Broadway Cares/Equity Fights AIDS, kusaidia watu wenye VVU na wagonjwa wengine. Kila mwaka kuna majuma ambayo mchezo ukiisha mwigizaji anabaki jukwaani anaomba, na wenzake wanasimama milangoni na ndoo nyekundu, bado wana rangi za usoni. Na wananadi pia. Mwaka 2009 waigizaji Hugh Jackman na Daniel Craig walikuwa wakinadi jukwaani fulana zao za ndani walizotoka kuzilowesha jasho, na watu walizigombania. Mimi ningechukua mkungu. Lakini ndoo tuliiga, na nakushauri uitazame: iwe na kifuniko chenye tundu, watu wawili kwa kila ndoo, na ihesabiwe mbele ya watu usiku uleule.

Ukinyoosha mkono kwenye mnada, umenunua. Usinyooshe kumsalimia mtu.

Sasa ahadi. Najua nitasemwa vibaya kwa hili lakini nitalisema: ahadi za jukwaani zimetutesa. Mtu anapanda, kamera iko kwake, mgeni rasmi anamtazama, anatamka milioni. Ukumbi unalipuka. Mimi naandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza nikimpigia ananiambia "mhazini, nakukumbuka kabisa". Ya pili yuko kikaoni. Ya tatu namba haipatikani. Wakati huo kamati imeshaagiza kwa fundi kwa kutegemea milioni ile, na fundi naye ana watoto. Kwenye moja ya kamati zangu tulilazimika kuchanga wenyewe, wajumbe, kuziba pengo. Simtaji mtu. Anajijua, na tukikutana Mwanjelwa anavuka barabara.

Kwa hiyo toa ulichokipanga mezani kwako ile hatua ya 3, toa palepale, taslimu au kwa lipa namba. Ukitaka lazima kuahidi, lipa nusu usiku huo na nusu itajie tarehe, tarehe kamili, "mwisho wa mwezi" haijulikani ni wa mwezi gani. Hakikisha mhazini ameandika jina lako sawasawa na namba unayoipokea. Chukua risiti hata ya 10,000. Na kama kila mtu anataja milioni na wewe una bahasha ya 15,000, nenda na bahasha yako kwenye ndoo bila kupita jukwaani. Mhazini anakuona.

Hatua ya 10: Baada ya onyesho

Wiki ileile kamati inatakiwa itoe mrejesho: kilichoingia kwenye kiingilio, kilichoingia kwenye mnada na ndoo, gharama mstari kwa mstari, na kilichobaki. Ubandikwe kwenye ubao wa kanisa au wa ofisi ya kata, utumwe kwenye kundi la WhatsApp, usomwe Jumapili, popote penu mnaposomea matangazo. Jumla peke yake haitoshi. "Tumepata milioni sita na nusu" ni tangazo. Mrejesho unasema dizeli ilikuwa ngapi.

Vitanda vikifika, au mabati, au mashine, omba picha. Ukiweza nenda ukaone. Wodini huingii hovyo, nenda muda wa kutazama wagonjwa, msalimie muuguzi wa zamu, useme umetokea kwenye onyesho.

Wiki sita zikipita kimya, mpigie mhazini. Usione aibu, mhazini mzuri anafurahi kuulizwa kuliko kusemwa. Mimi nikipigiwa naomba dakika moja, navaa miwani, nafungua daftari na kumsomea mtu mstari wake kwenye simu: jina, kiasi, tarehe, namba ya risiti, na kitu kilichonunuliwa kwa hela yake. Shangazi hupiga kila mara. Mstari wake ni noti moja ya elfu tano, na anataka asomewe wote.